Mzee Nimefika: Jumamosi za Eusebius Nazari Ndunguru (1947–2025)

Mapadre wetu, ndugu, majirani na waombolezaji wote, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Tunajua hii ni Julai na tunajua mmeacha kahawa chanjani, inakauka. Marehemu alihudhuria mazishi mengi kuliko mtu yeyote aliyepo hapa, na hakuna hata wasifu mmoja aliousikiliza hadi mwisho akiwa ameketi. Ikifika aya ya ndoa alikuwa ameshasimama nyuma kwenye migomba, anachezea ufunguo wa gari. Wasifu huu umeandikwa na binti yake Dafrosa, mtoto wake wa tatu, ambaye ndiye anayeusoma, na ambaye kwa bahati mbaya amerithi miguu ya baba yake. Atajitahidi kusimama mahali pamoja.

Eusebius Nazari Ndunguru alizaliwa Jumanne tarehe 16 Desemba 1947 hapa Langiro, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Nazari Ndunguru na Mama Scholastica. Kusema kweli hakuzaliwa Langiro hasa. Mama yake alikuwa anakwenda msibani ng'ambo ya bonde, akiwa na kapu la unga kichwani, na mtoto hakuona sababu ya kungoja warudi. Alizaliwa njiani, kando ya shamba la watu, kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo cha huku milimani, ambayo kingo zake zilikuwa zimepandwa mahindi. Bibi aliyempokea alimtazama akasema, "Huyu amekuja na haraka zake." Kapu la unga lilifika msibani siku hiyohiyo, limebebwa na mtu mwingine. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Eusebius kwa kalenda ya wakati huo, hivyo katekista alimpa jina bila kumuuliza mtu.

Alisoma shule ya misheni darasa la kwanza hadi la nne, mwaka 1956 hadi 1959, kisha akaendelea hadi darasa la nane mwaka 1963. Alikuwa na akili nyepesi na mwandiko mbaya. Januari 1964 alipelekwa seminari ndogo, na ukoo mzima ukaanza kumwita Padre kabla hajafungua hata sanduku. Alikaa huko mihula miwili. Katika mafungo ya kimya, siku ya pili, alitoroka akatembea kutwa kwenda kwenye harusi ya binamu yake, akacheza ngoma, akala, akarudi kesho yake. Padre mlezi akamuuliza, "Hukuweza kuwaombea maharusi ukiwa hapahapa?" Akajibu, "Niliweza, Padre. Lakini wasingeniona." Walimrudisha nyumbani kwa heshima, na barua ikasema kijana ana moyo mwema ila hakai.

Mwaka 1966 aliajiriwa na chama cha ushirika kama utingo wa lori. Alipata leseni Machi 1969, akawa dereva hadi tarehe 30 Juni 1994, chama kilipopunguza wafanyakazi. Kwa miaka yote hiyo alipeleka kahawa Songea na kushusha mahindi Mbamba Bay kwa ajili ya meli. Barabara ya ziwani aliijua kona kwa kona. Aliweza kusema, akiwa amelala kitandani hapa Langiro, mvua iliyonyesha usiku imeharibu mahali gani na gari la namna gani litapita. Madereva wa chama walikuwa wanapita kwake asubuhi kumuuliza kabla ya kuondoka. Jambo hili mlishike, litahitajika huko mbele.

Pamoja na udereva alirithi miche mia nane ya kahawa ya baba yake, na hiyo kahawa aliipenda kwa namna ya kuudhi. Chanja zake alizifunika na kuzifunua mwenyewe. Mtu akipita karibu na chanja akiwa ametoka kuvuta sigara, alifukuzwa.

Mkewe alimpata kazini. Agosti 1972 alikuwa Mbamba Bay, bandarini, anangoja karani amalize kuandika hati za mzigo. Karani huyo alikuwa kijana aitwaye Pankras Challe, mtu wa mwandiko mzuri asiyeharakishwa na mtu yeyote. Dada yake, Otilia, alikuwa amemletea kaka yake chakula. Akamwona dereva anazunguka lori lake, anainama, anainuka, anazunguka tena. Akauliza, "Kaka, yule mtu anatafuta nini chini ya gari?" Pankras akajibu bila kuinua kichwa, "Hatafuti kitu. Hajui kukaa." Mwezi uliofuata dereva huyo alionekana Mbamba Bay mara tatu, na mara mbili kati ya hizo lori halikuwa na mzigo.

Ukoo wa kina Challe ulisita. Binti wa ziwani apelekwe kwenye baridi, kwa watu wanaolima kwenye mashimo, akale maharage mwaka mzima? Aliyewatetea ni Pankras. Alisimama mbele ya wazee wake akasema maneno machache, kama kawaida yake: "Huyu anakuja. Mtu anayekuja hana shida." Ndoa ikafungwa Jumamosi tarehe 28 Septemba 1974, kanisani Mbamba Bay. Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Lidia.

Hapa ndipo wasifu nyingi huruka. Huu hautaruka, kwa sababu mama yetu ameagiza hivyo. Dafrosa alipomuuliza kama jambo hili lisomwe mbele ya watu, alijibu, "Lisome lote. Baba yenu alilisema mwenyewe, wewe unalificha ili iweje?"

Alhamisi tarehe 14 Mei 1998 alifariki Bibi Tereza Challe, mama mzazi wa Otilia na Pankras. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa kuondoka. Habari ilipandishwa na dereva wa lori la samaki jioni ileile, na Ijumaa asubuhi Mama Otilia alishuka na lori hilohilo. Eusebius, huku Langiro, alikuwa na mapipa matatu ya kahawa iliyokwisha kumenywa, imelala majini, inangoja kuoshwa na kuanikwa. Kahawa ya namna hiyo ukiichelewesha siku moja, daraja lake la ubora linashuka. Akamwambia mkewe, "Tangulia, Mama Lidia. Kesho kabla ya saa tatu nitakuwa nimefika."

Katika ukoo wa kina Challe, udongo wa kwanza wa kaburi la mama mkwe hukatwa na mkwe mkubwa. Mtoto hachimbi kaburi la mama yake. Jumamosi ile jembe lilisimamishwa ukutani tangu alfajiri, na vijana wakakaa karibu nalo wakimngoja mkwe kutoka Langiro. Saa tatu ikapita. Saa nne, saa tano. Kila gari lililonguruma juu kwenye kona, mtu alisema, "Huyo sasa." Saa sita Padre alikuwa na ibada nyingine ya kukimbilia. Pankras akalichukua jembe yeye mwenyewe, akakata udongo wa kwanza wa kaburi la mama yake, mbele ya watu wote.

Jumapili ikafika salamu kutoka Langiro kwamba mvua imekata barabara. Salamu hizo zililetwa na dereva aliyekuja nazo kwa barabara hiyohiyo. Pankras alimuuliza dereva yule mara mbili, kwa upole, kama anavyouliza karani. Kisha akasema, "Mwambieni shemeji kwamba barabara ya kwenda kwake nayo, kwangu mimi, imekatika."

Mama Otilia alirudi Langiro siku ya Jumatano. Alirudi kwa lori, kwa barabara ile, na miguu yake haikuguswa na tope. Aliikuta kahawa juu ya chanja, safi, imepangwa vizuri kama shanga. Mumewe alikuwa amesimama kando yake. Aliitazama kahawa, akamtazama mumewe, akasema, "Imekauka vizuri." Akaingia ndani kubadili nguo. Hakusema neno lingine juu ya jambo hilo kwa miaka ishirini na saba.

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema, akavaa, akafunga unga kwenye kitambaa. Akasema, "Kule Mpapa kuna msiba." Marehemu akauliza, "Wa nani?" Mama akasema, "Wa mtu." Wakapanda pikipiki wakaenda. Jumamosi iliyofuata ilikuwa komunio ya kwanza huko Ruanda, kijiji cha hapahapa Mbinga. Iliyofuata, jubilei ya sista mmoja ambaye hakuna kati yao aliyekuwa anamfahamu. Hivyo ndivyo Jumamosi zile zilivyoanza. Watoto wake walikua wakiamini kwamba baba yao anapenda matembezi. Watu wa Langiro walisema Mzee Ndunguru na mkewe wamezeeka vizuri, wanakula maisha. Tulikuwa hatujui kitu.

Kulikuwa na kalenda ya parokia ukutani jikoni, na Mama aliandika humo kwa penseli. Misiba, harusi, komunio, kipaimara, upadirisho, kufungua kigango, kuvunja matanga, vikao vya ukoo. Ijumaa jioni kapu lilikuwa mlangoni: unga, maharage, kabichi kama ni kwa watu wa ziwani, na wakirudi kutoka ziwani, dagaa kwa watu wa milimani. Marehemu hakuwahi kukataa safari hata moja. Hakuwahi kusema amechoka. Msimu wa kahawa ndio alikwenda zaidi, akaacha matunda yakadondoka chini, na daraja lake likashuka mwaka hadi mwaka, naye akalitazama likishuka.

Mwaka 2006 alinunua pikapu nyeupe iliyokuwa imeshazeeka mikononi mwa wengine. Stata yake ilikufa baada ya miezi miwili na haikutengenezwa kamwe, kwa kuwa siku ya kuipeleka kwa fundi kila mara ilikuwa ni siku ya safari. Ilibidi gari liegeshwe mteremkoni ili liwashwe kwa kuviringika. Huku kwetu mteremko si tatizo. Tatizo lilikuwa Mbamba Bay, ambako ufuo ni tambarare. Kuna picha ya harusi ya mwaka 2011 inayoonyesha bwana harusi, wasimamizi, mashemeji wawili wenye suti na katekista mmoja wakisukuma pikapu, na bibi harusi anapiga makofi. Nyuma ya pikapu hiyo mwanawe Joakim alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu neno moja, NIMEFIKA, kwa sababu ndilo neno alilolisema baba yake kwenye kila ua: "Hodi! Nimefika!" Alilisema kwa nguvu, kama mtu aliyebishiwa. Toka hapo jina la Eusebius likabaki kwa Padre na kwa daktari tu. Wengine wote walimwita Mzee Nimefika.

Alifika, lakini hakukaa. Alikula amesimama. Alisalimia mstari mzima wa wazee, shikamoo kwa kila mmoja, huku macho yakiwa barabarani. Jumamosi moja ya Oktoba 2015 walikuwa na shughuli tatu: msiba asubuhi, kipaimara mchana, harusi jioni. Kufika harusini akamshika mkono baba wa bibi harusi akamwambia, "Pole sana, ndugu yangu. Bwana ametoa, na Bwana ametwaa." Yule baba akamtazama binti yake aliyekuwa anapanda gari la watu, akajibu, "Kweli, Mzee. Ametwaa." Mama Otilia alicheka njia nzima hadi nyumbani. Marehemu hakuona kichekesho.

Na kila mwaka, katikati ya Mei, walishuka Mbamba Bay kwa misa ya kumwombea Bibi Tereza. Pankras aliwapokea kwa heshima zote. Shemeji alipewa kiti, maji ya kunawa, samaki mzuri wa kuchoma. Ila Pankras hakula naye. Aliona mgeni amehudumiwa, kisha akakumbuka kazi nje. Na kila mwaka, kabla ya kuondoka, marehemu alimwalika: "Shemeji, mwezi wa nane Lidia anaolewa, uje." "Shemeji, mjukuu wako anapata komunio." Jibu lilikuwa lilelile, halikuwa na hasira: "Barabara bado, shemeji." Lami ikaja, kona zikapanuliwa, mabasi yakaanza kupita hata masika. Jibu halikubadilika.

Machi 2023 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Madaktari wakasema ni moyo. Alipewa dawa na akaambiwa apunguze safari, akapunguza chumvi. Agosti 2024 alilazwa wiki tatu. Jumamosi ya pili muuguzi alikuta kitanda hakina mtu, na mgonjwa akapatikana katika kijiji jirani kwenye arobaini ya mtu, amevaa koti la mgonjwa mwenzake. Daktari akamwambia, "Mzee, unatakiwa kupumzika." Akajibu, "Nitapumzika Jumatatu."

Jumamosi tarehe 28 Septemba 2024 yeye na mkewe walifanya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa, hapahapa uwanjani. Waliofika tuliacha kuwahesabu. Watu wa miaka yote ile ya Jumamosi walikuja kurudisha hatua. Mstari wa mbele palikuwa na kiti chenye karatasi iliyoandikwa jina la Pankras Challe. Kilibaki wazi. Siku ile, kwa mara ya kwanza, watoto wake walimwona baba yao ameketi tangu mwanzo wa sherehe hadi mwisho. Alikuwa ameketi kiti kilichopakana na hicho kilichobaki wazi.

Baada ya hapo alikosa usingizi. Alitembea uani akizunguka chanja, ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza kuoza miguu. Mama alimsikia anasemasema peke yake. Kumbe alikuwa anajifunza sentensi moja.

Jumamosi tarehe 17 Mei 2025 walishuka kwa misa ya Bibi Tereza. Joakim ndiye aliyeendesha, kwa kuwa miguu ya baba yake ilikuwa haiingii tena kwenye viatu. Baada ya misa watu walikuwa wamekaa kwa Pankras wanakula. Marehemu akajishika ukutani, akasimama.

"Naomba dakika moja," alisema. "Mwaka tisini na nane nilileta salamu kwamba barabara imekatika. Haikukatika. Barabara ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa dereva, nilijua iko wazi. Nilibaki na kahawa. Shemeji, ulimchimbia mama yako kwa sababu yangu. Sikufika."

Hakuna aliyetafuna. Mtu mmoja mwenye huruma alianza kusema, "Ni mambo ya zamani, Mzee," na Mama Otilia akamkatiza, "Mwache amalize." Lakini alikuwa amemaliza. Pankras alinawa mikono yake polepole, kidole kwa kidole, akasimama, akatoka. Waliondoka saa kumi na hajarudi. Garini marehemu alimwambia mkewe, "Mama Lidia, wewe ulijua?" Mama akasema, "Tangu Jumatano ile." "Mbona hukusema?" "Kosa lilikuwa lako. Nilikuwa nangoja uliseme mwenyewe." Wakaipita kona ya mwisho ya mlima. Kisha akauliza, "Unadhani atakuja?" Mama akasema hajui.

Aliliuliza hilo kila siku iliyobaki. Akisikia pikipiki njiani aliinua kichwa. Mtu akipiga hodi alitangulia kutazama miguu ya mgeni chini ya mlango. Ugonjwa ulimkamata kwa nguvu mwishoni mwa Juni, naye akakataa kurudi hospitalini; alisema huko wageni hupewa saa za kuingia. Jumatano tarehe 9 Julai 2025, saa tisa alasiri, alikuwa amekaa barazani, ufunguo wa pikapu mfukoni mwa shati. Akamuuliza mkewe, "Jumamosi hii tunakwenda wapi?" Mama akaitazama kalenda kupitia mlangoni. Akasema, "Hatuendi popote. Jumamosi hii tunakaa nyumbani." Akaitikia, "Haya." Ndilo neno lake la mwisho. Mama alipoleta uji alikuwa ameshaondoka, na ndiyo mara pekee katika ndoa yao aliyoondoka bila kumharakisha mwenzake.

Simu ya msiba alipigiwa Pankras jioni hiyohiyo na Dafrosa. Alisikiliza. Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Poleni." Akakata. Hadi karatasi hizi zinapelekwa kuchapwa Mbinga mjini siku ya Alhamisi, familia haijui kama shemeji wa marehemu atakuwepo. Marehemu angependa lisemwe wazi kwamba asipokuja, hana deni.

Waombolezaji, maandishi mliyonayo yanaishia hapo, kisha yanafuata majina ya waliobaki. Kinachofuata sasa kimeandikwa leo asubuhi kwa mkono, nyuma ya karatasi ya ratiba.

Leo Jumamosi tarehe 12 Julai vijana walishika majembe tangu saa kumi na mbili na nusu. Mama Otilia aliwaagiza kutoka jamvini, "Subirini kidogo." Wakasubiri. Saa moja wakatuma mtu kuuliza. "Subirini kidogo." Mwenyekiti wa kitongoji akamnong'oneza Joakim kwamba udongo wa huku ni mgumu, saa nane ya mazishi si mbali, mama yenu anasubiri nini? Joakim, ambaye huendesha malori ya makaa ya mawe huko Ngaka na haogopi kitu, hakuthubutu kwenda kuuliza.

Saa mbili na robo ikapanda bodaboda kutoka barabara kuu. Nyuma yake alikuwa amepakiwa mzee wa miaka themanini na moja, amevaa suti ya kikarani, na juu ya magoti yake amelaza jembe kwa upana, hata watu wa njiani walikuwa wanaruka pembeni. Alishushwa. Akajifuta vumbi. Hakusalimia mtu hadi alipofika jamvini kwa dada yake.

"Otilia," alisema, "udongo wa kwanza umekatwa?"

"Bado, kaka."

"Vizuri."

Alikwenda kaburini mwenyewe. Vijana walitaka kumshika mkono, akawatazama, wakaacha. Lile jembe ni lile la mwaka tisini na nane; mpini umebadilishwa mara mbili, chuma ni kilekile. Lilikaa nyumbani kwake miaka yote hii na halikulima kitu. Alikata udongo mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Akamkabidhi Joakim jembe, akavua kofia, akaingia ndani kwenye jeneza.

Waliokuwemo ni Mama, Lidia na Dafrosa. Pankras alisimama muda mrefu, na kwa mtu asiyeharakishwa huo ni muda mrefu kweli. Kisha aliweka kiganja juu ya ubao, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na mtu aliye upande wa pili wa meza:

"Shemeji, nimefika. Barabara ilikuwa wazi."

Ndipo Mama Otilia alipolia. Tangu Jumatano alikuwa hajalia.

Baada ya hapo mjomba Pankras aliomba kuusoma wasifu huu kabla haujasomwa, kwa kuwa unamtaja. Alivaa miwani, akausoma wote, mstari kwa mstari. Hakufuta neno. Alisahihisha tarehe moja ya bandarini, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika ile hati ya mzigo. Kisha akaomba sahani, na akala maharage ya nyumba hii.

Marehemu ameacha mjane, Mama Otilia Challe. Watoto wanne, Lidia ambaye ni mwalimu Ruanda, Joakim, Dafrosa na Modest. Wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Wenye kalamu, andikeni chini ya majina hayo: na shemeji yake, Pankras Challe wa Mbamba Bay, aliyekata udongo wa kwanza.

Pikapu iko pale mteremkoni, imeegeshwa vizuri, na ufunguo anao Mama. Baba yetu, kalenda haina kitu tena. Mungu akupe kiti karibu na Bibi Tereza, na akupe moyo wa kukikalia. Pumzika kwa amani leo hii, usingoje Jumatatu.